Bata hawafi kwenye skrini bapa

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu. Jumamosi iliyopita nilimtolea mashine yangu ya kaseti, ile ya kuiga Nintendo, ambayo imekaa juu ya kabati tangu tuhame mtaa wa Umoja. Tukaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, inchi 43. Dakika kumi hazijaisha akaweka padi chini. "Anko, hii gemu ni mbovu. Nabonyeza aruke, anangoja kwanza."

Kweli, Mario, yule shujaa wa Super Mario Bros., alikuwa anangoja. Na hukumu kama ya mpwa naisikia kila mahali siku hizi: gemu za zamani tulizipenda kwa sababu tulikuwa watoto na hatukuwa na kingine, ukizirudia leo utaona aibu.

Wenye kusema hivyo wana hoja. Contra, gemu ya vita, inakupa roho tatu, na risasi moja inatosha kukutoa. Ukali huo mara nyingi ulikuwa ujanja wa kurefusha gemu fupi. Anayejua ile siri ya kupata roho 30 anaimaliza kabla chai haijapoa. Super Mario Bros. nayo haihifadhi chochote, kwa hiyo stima ikipotea ukiwa ngome ya mwisho, unaanza upya. Leo hakuna mtu mzima mwenye muda huo. Gemu za mpira nawaachia kabisa. Kwenye vibanda vya PS tulicheza Pro Evolution ambamo Liverpool iliitwa Merseyside Red, tukashangilia hivyo hivyo, lakini sitamwomba mtu aziache za sasa arudi huko.

Ila tazama kilichompata mpwa. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu huizidi mbali. Kwenye mashine za Japani na Marekani ilichora picha 60 kwa sekunde, na Mario akikimbia kwa kasi yake yote husogea nukta mbili na nusu hivi katika kila picha. Televisheni bapa huipokea picha, huikuza, huipaka poda, ndipo huionyesha. Tuseme imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Hizo ni picha sita, yaani nukta 15, na tofali la Mario lina nukta 16. Mtoto anamwona Mario yuko tofali moja kabla ya shimo, kumbe mwenyewe ameshafika ukingoni. Kuruka kwake kulipimwa kwa vidole na macho ya watu waliokaa mbele ya televisheni zenye kisogo, zile nene za zamani, ambazo hazikuwa na haja ya kusubiri chochote. Tumeondoa kipimo, halafu tunalaumu nguo kwamba haitoshi.

Kwenye bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, ni wazi zaidi. Ukifyatua, skrini huwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha mahali palipo na bata hutokea mraba mweupe, na bunduki huangalia kama imeuona mwanga huo. Skrini bapa ikichelewa, bunduki inatazama giza. Unaweza kugusisha mdomo wake kwenye bata, na bata haanguki.

Hata matoleo mapya yaliyorembwa yana kesi ya kujibu. Gemu ya GTA San Andreas ya 2004 ilijaa ukungu, kwa kuwa PS2 ilikuwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu na isingeweza kuchora mbali. Ukungu huo huo ndio uliofanya jimbo lionekane halina mwisho. Toleo jipya la 2021 lilipotoka, ukungu ulikuwa umepungua mno. Ukisimama mlimani unaona ramani yote, na ni ndogo kama shamba la mahindi. Waliocheza hilo tu wakasema ya zamani imezeeka. Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi wenyewe kwa hali ya toleo hilo.

Namba isiyonitoka kichwani ni ya Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, 2023: asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani. Katika kila mia, zimebaki kumi na tatu. Na hiyo ni Marekani, kwenye maduka yenyewe. Basi wengi wanaotoa hukumu wanazihukumu nakala, kwenye skrini ambayo gemu haikuwahi kuijua. Ndiyo, nakala ndizo zilizotulea sisi Nairobi. Diski zetu zilinakiliwa, na mashine yangu yenyewe ni ya kuiga. Lakini nakala zile zilikutana na televisheni sahihi.

Jumatatu nilimpeleka mpwa kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, ambaye bado ana televisheni ya inchi 14 yenye kisogo ya kujaribia deki. Hakutulipisha, alitaka tu kuona. Bata wa kwanza alianguka. Wa pili akaponyoka, na yule mbwa wa gemu akainuka kwenye nyasi kumcheka mpwa. Mpwa akamlenga mbwa, akafyatua mara tatu.

"Huyo hafi," fundi akamwambia bila kuinua macho kwenye kazi yake ya kulehemu. "Tulijaribu."