Jinsi Nilivyompandisha Koplo Cheo

Mwaka ule nilipewa kufundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, mikondo miwili. A ilikuwa na watoto 93, B watoto 89. Jumla madaftari 182. Insha ya nusu ukurasa, ukiisahihisha kwa haki, kila kosa ukaandika na jibu lake pembeni, huimalizi chini ya dakika tatu. Piga hesabu: saa tisa na dakika sita, bado hujanywa chai wala hujaenda msalani.

Na hao ni watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza wakikijua kama somo tu, linakuja na kuondoka kama mjomba wa mbali. Wakiingia sekondari wanakuta hata figo imebadilishwa jina. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo aandike, anakuandikia Kiswahili kilichovaa suti: "My father he is sit in Kilosa." Baba yangu anakaa Kilosa. Ukisoma unaelewa kabisa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Basi nikaitwa semina. Mwezeshaji akatufundisha kusahihisha kwa alama. Badala ya kumwandikia mtoto jibu, unazungushia kosa duara, juu yake unaweka herufi, jibu atalitafuta mwenyewe. SP ni tahajia. T ni wakati wa kitenzi. WW ni neno lisilo mahali pake. WO ni mpangilio wa maneno. Kijipaa kidogo maana yake kuna neno limesahaulika, na alama ya kuuliza maana yake mwalimu hajaelewa kitu. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu. Baadaye kidogo alisema jambo lingine, nadhani kwamba tuanze na alama mbili tu na tuwazoeze watoto wiki kadhaa kwanza. Sikusikia vizuri. Sambusa zilikuwa zimeingia.

Jumatatu nikawapa kazi: barua ya kirafiki kwa baba au mama. Mnaijua. "How are you there at home? I hope you are fine." Usiku nikakaa na kalamu nyekundu, nikateremka nayo kama mvua ya masika. SP! T! WW! Dakika moja kwa daftari. Saa nne usiku nilikuwa nimemaliza yote 182, nikalala kama bwana.

Asubuhi nikaandika maana za alama ubaoni, nikaeleza kwa dakika tano, kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo sera.

"Are we together?"

"Yeees, sir!"

Mwalimu yeyote anajua "yes sir" ya watoto 93 ina maana gani. Ina maana wamesikia swali limekwisha. Lakini mimi nilikuwa naokoa muda. Nikawaambia waandike barua upya na masahihisho yake, kwa mwandiko mzuri, kwenye karatasi safi. Tena hapo nikajiona mjanja zaidi: likizo fupi ilikuwa inaanza Ijumaa, kwa nini nisahihishe mara ya pili? Kila mmoja ampelekee mzazi barua yake, mzazi aisome, asaini. Nikatoka darasani nikipiga mluzi. Mlangoni nilimsikia kijana mmoja akimtambia mwenzake, "Mimi nimepata T kumi na moja, wewe ngapi?" Nilisikia. Nikaendelea na mluzi wangu.

Siku ya kufungua shule, kabla hata ya kipindi cha kwanza, nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nikamkuta polisi ndani ya sare, alama mbili za V mkononi, kofia juu ya magoti, uso umefungwa kama kituo cha kupigia kura siku isiyo ya uchaguzi.

"Shikamoo, afande."

Hakuitikia. Akanipa karatasi. Mwandiko mzuri sana, wa binti yangu mmoja wa B. Katikati ya barua pameandikwa: "I am very happy because you are a SP pollice."

Nikaelewa papo hapo. Mtoto aliandika "pollice", L mbili. Mimi nikazungushia, nikaweka SP. Naye, kwa utii wote, amenakili masahihisho yangu kama nilivyomwagiza. "Pollice" imebaki na L zake mbili, ila sasa ina cheo.

"Mwalimu," koplo akasema taratibu, "unajua SP ni nani?"

Ninajua. SP ni Mrakibu wa Polisi. Kutoka koplo mpaka huko kuna sajenti, sajini meja, mkaguzi msaidizi, mkaguzi, mrakibu msaidizi, na nywele zote za kichwani.

"Mke wangu Kiingereza anasoma cha kuunga," akaendelea, "lakini SP, mke wa polisi gani asiyeijua? Aliisoma barua bombani, mwalimu. Bombani! Nimerudi lindo nakuta kuku wawili wamechinjwa. Mwenye duka ameleta kreti la soda, eti la pongezi, nitalipa mwisho wa mwezi. Vijana wa kota wananipigia saluti kwa dhihaka. Na mkuu wangu wa kituo, ambaye yeye mwenyewe huko hajafika, ameniita anataka kujua nani amenipandisha."

Mkuu wa shule alikuwa anaangalia dirishani, mabega yanatikisika.

Nikaanza kueleza. Nikachora duara, nikachora kijipaa. Koplo alisikiliza kama anayechukua maelezo ya mtuhumiwa. Nilipofika kwenye alama ya kuuliza, mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja na barua mkononi, nyuma yake mumewe kanuna. Mtoto wao alikuwa ameandika kitu kama "You are my father which I loving him all." Mimi nikaweka alama ya kuuliza baada ya "father", nikimaanisha sielewi sentensi. Nakala safi iliyofika nyumbani ilisomeka: "You are my father?"

"Mwalimu," mama akasema, "ilikuwa likizo ndefu sana hii."

Dawa ilikuwa kuwaita watoto wote wawili wasome madaftari yao mbele ya wazazi, duara kwa duara. Ilichukua vipindi viwili. Yule mume alicheka wa kwanza, akashindwa kuacha. Koplo hakucheka. Alitaka barua ya shule kwenda kwa mkuu wake wa kituo, kwa Kiswahili, isiyo na duara hata moja.

Nikakaa nikaandika. "YAH: UFAFANUZI KUHUSU CHEO. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikaeleza kwamba koplo hakuwahi kudai popote kuwa yeye ni Mrakabu wa Polisi, na kwamba kosa ni la kitaaluma. Mkuu wa shule akagonga mhuri.

Koplo aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Akasimama kwenye neno moja. Akanyoosha mkono akachukua kalamu yangu nyekundu kutoka mfukoni mwangu, akazungushia "Mrakabu" duara zuri kabisa, na juu yake akaandika SP.

"Andika upya," akasema, akavaa kofia. "Nitasubiri nje."