Mafunzo ya usiku yaendelee, lakini wafiwa waelezwe

Helikopta ikipita juu ya mtaa wa Langoni usiku, maongezi barazani hukatika. Mtu husema, "Hao waenda msitu wa Boni," kisha watu wakaendelea na kahawa. Tangu mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, mngurumo huo ni sehemu ya usalama wetu Lamu. Kwa hiyo rubani akifa mafunzoni, hata mbali na hapa, msiba unatugusa.

Tarehe 24 Juni 2021 helikopta ya jeshi aina ya Mi-171 ilianguka Ol Tepesi, Kajiado, ikiwa kwenye mafunzo. Wanajeshi wasiopungua 10 walifariki, wakati wenzao wako vitani Somalia dhidi ya al-Shabaab. Wapo wanaouliza: adui hatutoshi, mpaka tupoteze vijana mazoezini?

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Nahodha anayemfundisha mwanawe kupita Mkanda, kule kati ya Manda na bara, hamngojei mbalamwezi. Humpitisha gizani, maji yakijaa, ajue fungu la mchanga liko wapi kabla chombo hakijaligusa. Juu ya Boni ni vivyo hivyo: hakuna taa chini, na upande wa bahari, mbingu na maji ni kitu kimoja. Miwani ya kuonea gizani hubana upana wa macho na kuharibu kipimo cha umbali. Mwili nao hudanganya. Rubani huhisi amenyooka, kumbe ndege imelala ubavu. Mambo haya hayajulikani bila kuruka usiku. Tarehe 18 Septemba 2023 helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka huku kwetu Lamu ikiwa doria ya usiku, wakafa wote waliokuwemo. Giza hilo ndilo marubani wetu wanalopaswa kulizoea.

Hata hivyo, vita huficha uzembe. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573, na zaidi ya 8,000 kati yao waliuawa na ajali, si na adui. Wanafunzi wengi walipewa ndege zilizokwisha kuchakaa vitani, na haraka ilikuwa kubwa. Hapo ndipo wanaolalamika wana haki kabisa.

Njia ya ndege na saa ya kuruka ni siri ya jeshi, na zibaki siri. Lakini kama ni chuma kilichokatika, au rubani aliyerushwa akiwa hajalala, mjane aambiwe, na wabunge waisome ripoti nzima.