Mmenyaji Mmoja, Waonjaji Ukoo Mzima

Jamani, nani aliyewadanganya watu kwamba pai ya matufaha ni kazi nyepesi? Sherehe ya familia ikitajwa, kazi zinagawanywa: huyu viti, yule vinywaji, na mimi, kwa upole kabisa, "Wewe tengeneza tu pai." Hiyo "tu" ndiyo inayonimaliza. Majani yanapukutika huko nje, mimi jikoni napukutisha maganda.

Na tufaha lenyewe halina subira. Hujamaliza kumenya la pili, la kwanza limeshageuka kahawia. Eti hewa imekutana na vimeng'enya vya tunda. Haya, nakamulia limau. Limau nalo likapenya kwenye kakidonda ka kisu kidoleni, hata jina la mwenye sherehe nikalisahau.

Nilishasema nileteeni Granny Smith, yale ya kijani, machachu, magumu, yanayostahimili moto. Wakaniletea mekundu ya kung'aa, mazuri ya kupigia picha, ambayo ukiyaoka yanageuka uji. Sasa yule bibi wa Australia, Maria Ann Smith, alitupatia tufaha lake tangu miaka ya 1860 ili iweje?

Nikikata vipande, mikono inapita. Watoto nawaelewa. Ila mjomba mzima, na mvi zake! "Naonja kama yameiva." Mjomba, hayajaona hata moto! Na tufaha zaidi ya asilimia 80 ni maji, likiiva linanywea. Ndiyo maana chombo nakijaza mpaka kifanye kilima. Vinginevyo unga wa juu unabaki umesimama peke yake na chini yake pango. Halafu shangazi akikata anauliza, "Mbona umebania?" Si amuulize mjomba!

Siagi nayo lazima iwe baridi, ionekane vipandevipande ndani ya unga, ili ikayeyukie kwenye oveni na mvuke wake uachanishe matabaka. Ubaridi huo niutoe wapi, na jiko zima limejaa watu wanaopasha sufuria zao? Na kila apitaye anafungua oveni, "Nichungulie kidogo." Nyuzi 190 zangu zinatoka naye mlangoni.

Ikiiva, inatakiwa ipoe saa mbili, ikiwezekana tatu, ule mchuzi wa ndani ushikane. Saa tatu! Kwa ukoo huu? Nimegeuka kutafuta kitambaa, kurudi nakuta kisu kimeshazama, mchuzi wa mdalasini unatiririka mezani, na mjomba anajipepea ulimi.

"Tamu," anasema, "ila ina maji mengi."

Kabla sijafungua mdomo, yule aliyepewa kazi ya viti ananyoosha sahani: aiskrimu iko wapi?