Acha kufunga madirisha ya dibaga, ndo yanakuonyesha chipu inafanya nini

Watu wengi wakifungua STM32CubeIDE au Keil (programu za kuandikia kodi ya chipu, zenye dibaga ndani, yaani sehemu ya kusimamisha kodi na kuchungulia inavyofanya kazi) mara ya kwanza wanafunga kila kidirisha wasichokijua ili wabaki na kodi tu, na mi naona hapo ndo shida inapoanzia. Programu ya kompyuta ya kawaida unaweza kuiandika miaka na miaka kwa editor na printf (amri ya kuchapisha ujumbe), ila kwenye maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha kifaa) mambo kibao hayapo kwenye kodi yako, yapo kwenye rejista za chipu (vijisehemu vya kumbukumbu vinavyoiamrisha chipu), na bila dirisha la kuzionyesha unabaki kubahatisha.

Chukua bodi ya Nucleo-F401RE, taa yake iko PA5, yaani pini namba 5 ya bandari A. Kodi imekompaili bila kosa lolote, taa haiwaki. Wengi hapo wanarudi kusoma kodi mstari kwa mstari. Mi nasema simamisha programu, fungua dirisha la SFRs, ndo linaloonyesha rejista (usipoliona nenda Window halafu Show View), tanua GPIOA, yaani hiyo bandari A, uangalie MODER, rejista inayoamua kila pini ni ya kuingiza au kutoa. Ukikuta rejista zote ni sifuri tupu, na ukiandika namba kwa mkono inagoma inarudi palepale, basi jibu umelipata, kloki ya hiyo bandari (mapigo yanayoifanya ifanye kazi) haijawashwa. Nenda RCC, sehemu inayosimamia kloki, kwenye rejista ya AHB1ENR, biti 0 iweke 1, ukirudi GPIOA utakuta MODER sio sifuri tena maana PA13 na PA14 zinatumiwa na dibaga yenyewe. Sasa kwenye MODER biti 10 iweke 1, biti 11 iwe 0, halafu kwenye ODR, rejista ya kuwasha na kuzima pini, biti 5 iweke 1, taa inawaka hapohapo na hujagusa kodi hata kidogo! Yani umeshajua waya ni mzima, taa ni nzima, kilichokosekana ni mstari mmoja wa kuwasha kloki.

Ila uangalifu unahitajika, kuna rejista ukizisoma tu zinabadilika. USART2 (sehemu ya mawasiliano ya serial) ikiwa imetanuliwa kwenye hilo dirisha, dibaga ikisoma DR, rejista ya data, inaweza kufuta alama ya RXNE inayosema kuna data imeingia, na baiti iliyokuja kodi yako haitaiona kabisa. Ukimaliza kuangalia, ikunje.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni ukibonyeza debug kila kitu kinahama, wanadhani wameharibu. Hujaharibu, STM32CubeIDE imejengwa juu ya Eclipse na ina mpangilio mmoja wa kuandika na mwingine wa kudibagi. Ukivuruga kweli, Reset Perspective inarudisha kila kitu, Keil ni Reset View to Defaults, MPLAB X (programu kama hizo ya chipu za Microchip) ni Reset Windows, kwahiyo vuruga tu bila woga. Skrini ikiwa ndogo, kwenye CubeIDE bofya mara mbili kichwa cha kidirisha kinajaa skrini nzima, bofya tena kinarudi.

Makosa ya kompaila mi nayasoma kwenye dirisha la Console, sio la Problems, kwasababu Console inayafuatanisha jinsi yalivyotokea na lile la juu kabisa mara nyingi ndo limezaa mengine yote.

Na dirisha la vigeu (variables) likikuandikia optimized out usililaumu, kompaila ndo imekiondoa hicho kigeu ili kodi iwe nyepesi, shusha optimization iwe -O0, bildi upya, utakiona.