Mgonjwa wa kifafa apewe dawa za miezi mitatu

Kila kifafa kinapozungumzwa katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, lawama huangukia waganga na mashetani. Sikatai, hayo yapo. Bado kuna nyumba ambako mtoto akianguka anachanjwa chale au anapungwa, na walio karibu wanaogopa kumshika kwa kuamini kuwa povu la mdomoni linaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kushikana. Lakini familia nyingi ninazozifahamu mimi zilishavuka hapo. Hospitali walikwenda, dawa walipewa, na mtoto akatulia. Kilichowarudisha nyuma ni dawa kuisha nyumbani wakati hawana namna ya kufuata nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Na dawa zenyewe si za ajabu. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, bei yake ni ndogo, na kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu, wengi huimeza mara moja tu kwa siku, usiku. Ubaya wake ni usingizi, na watoto wengine huwafanya wasitulie, hata darasani wakawa wasumbufu. Kabamazepini huwafaa zaidi wale ambao kifafa chao huanzia sehemu moja, mkono unaanza kucheza au mdomo unakwenda upande, kisha ndipo mwili mzima unafuata. Valproeti inasaidia aina nyingi za kifafa, ila ina hatari kubwa kwa mimba, na nitaieleza mbele.

Daktari huanza na dozi ndogo, akaipandisha polepole huku akimwangalia mgonjwa. Dawa ya kwanza ikishindwa kwa dozi ya kutosha, anahamia nyingine. Mgonjwa akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, ndipo wanaweza kuzungumza habari ya kuipunguza kidogo kidogo hadi kuiacha. Yote hayo yanategemea kidonge kumezwa kila siku. Dawa hizi zikikatwa ghafla, hasa fenobabitoni, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mtu akaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Hali hiyo inaua.

Kuna binti mmoja, jirani wa dada yangu, kule uwanda wa juu wa Newala. Mama yake huweka vidonge kwenye ile bahasha ndogo ya karatasi ya hospitali, akaifunga kwenye pindo la kitenge kilichotundikwa msumarini, juu, wadogo wasikifikie. Msimu wa korosho ulipoanza, familia ilihamia shambani kuokota, kama wanavyofanya wengi. Mnada wa kwanza wa korosho ulikuwa haujapita, fedha hakuna, na kliniki iko mbali kwa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Mama akaanza kuvunja vidonge. Nusu kila usiku, ili bahasha ifike mbali. Haikupita muda, binti akaangukia kwenye mafiga akisonga ugali, akaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Muuguzi alipomgombeza, mama alijibu, "Mwanangu, ningempa kizima vingeisha wiki ile ile."

Mama huyu si mjinga wala hajapuuza. Alifanya hesabu ileile ambayo mama yeyote angeifanya kwa unga uliobaki kidogo, isipokuwa hakuna aliyemwambia kuwa nusu ya dozi hii inaweza kuwa sawa na kutokupa kabisa. Kwa hiyo ninauliza: kwa nini alipewa vidonge vya mwezi mmoja kuelekea Oktoba, wakati kila mtu Newala, Tandahimba na Masasi anajua Oktoba watu wako wapi?

Tanzania tayari inajua kutoa dawa za miezi kadhaa kwa mpigo. Mtu anayetumia ARV na hali yake imetulia anapewa dawa za miezi mitatu, wengine hata sita, akaenda zake kulima au kuvua. Mpango huo ulifika hadi vijijini. Mgonjwa wa kifafa aliyetulia ana haki ya kutendewa vivyo hivyo, na tena achukue dawa kwenye zahanati ya karibu badala ya kupanga foleni kliniki ya afya ya akili hospitali ya wilaya kila mwezi.

Kuna mambo mengine ya huku kwetu ambayo mtoa dawa angeyauliza ingefaa sana. Jando na unyago, kwa mfano. Ngoma za kukesha ni hatari kwa mwenye kifafa kwa sababu kukosa usingizi ni moja ya vichochezi vikubwa. Simwambii mtu asimpeleke mwanawe jandoni au unyagoni. Nasema makungwi na wasimamizi waambiwe, mtoto alale, na dawa ziende naye. Ramadhani nayo: anayemeza mara mbili kwa siku aulize mapema kama anaweza kupanga dawa zake futari na daku, au kama kwake yeye kufunga hakufai. Wapo wanaoacha wenyewe kimya kimya kwa kuona aibu kuuliza, na mwezi huohuo ndio usingizi nao unapungua.

Kwa wanawake suala ni zito zaidi. Valproeti ikitumika wakati wa ujauzito inaweza kumletea mtoto kasoro za uti wa mgongo na kuathiri akili yake, hivyo msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba apewe tu pale ambapo hakuna dawa nyingine inayomfaa, tena kwa kuelezwa wazi. Lakini asiiache mwenyewe akigundua ana mimba. Akimbilie kwa daktari. Fenobabitoni na kabamazepini nazo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti cha mkononi, na hupunguza pia dolutegravir, dawa iliyomo katika ARV za sasa. Anayekupa dawa ya kifafa anapaswa kujua unatumia nini kingine.

Wapo pia wasiotulia hata baada ya kujaribu dawa mbili zilizochaguliwa vizuri. Hao wasiachwe wazeeke na rufaa mfukoni. Wanahitaji kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya MRI, na baadhi yao upasuaji unaweza kuwafaa. Kuna pia mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambao husaidia baadhi ya watoto chini ya uangalizi wa wataalamu, ingawa kwa nyumba inayokula ugali wa muhogo ni mtihani mkubwa.

Najua pingamizi litakalokuja: fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, na vidonge vingi nyumbani ni hatari kwa watoto na kwa mtu aliyekata tamaa. Hoja hiyo ni ya kweli. Basi waanze na waliotulia, mwenye kuchukua awe na msimamizi anayejulikana, na wanaoonyesha dalili za sonona waendelee na mwezi mmoja. Kabla ya hapo, zahanati ihesabu wagonjwa wake wa kifafa kwenye rejista na kuagiza Bohari ya Dawa kwa hesabu hiyo, mapema, salfa ikiwa bado inapulizwa kwenye mikorosho, ili Septemba kila familia inayohamia shambani iondoke na vidonge vya kuifikisha Desemba.