Noti Yenye Tundu
Mimi ni kambisti, mbadilisha pesa. Meza yangu iko kandokando ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na jicho langu linaogopwa. Ukiniletea dola 20, naivuta masikio, naipapasa, naielekeza kwenye jua. Ikiwa na mpasuko mdogo kama unywele wa kichanga, nakurudishia: "Papa, hii haipiti." Usinilaumu, mji mzima ndivyo ulivyo, kuanzia muuza makaa hadi mwenye nyumba. Dola kwetu lazima ipendeze kama bibi arusi.

Sasa jicho hilo lilikuwa wapi miaka miwili yote gego langu likiwa na tundu?

Nililijua, sitadanganya. Ulimi ulikuwa unalitembelea kila jioni. Nyuzi za nyama zikinasa humo, nachokoa kwa kijiti cha kiberiti, maisha yanaendelea. Halikuuma, na kitu kisichouma nani anakitolea pesa? Mama watoto akisema "nenda ukaonyeshe", namjibu dokta ni wa wagonjwa.

Jumamosi iliyopita, kitumbula, kile kiandazi laini. Si mfupa, si mahindi makavu. Kitumbula! Nikauma, nikauona mji wa Kolwezi bila kupanda basi. Mchana ule nilipokea pesa za watu huku machozi yananitoka. Usiku nikaweka karafuu, ikanituliza kidogo. Nikasukutua maji ya chumvi. Jirani akanishauri petroli. Huyo nimemnunia hadi leo. Saa nane za usiku nazunguka uani nimeshika shavu, hata mbwa wake ambaye hunibwekea kila siku akanyamaza.

Jumatatu nikajipeleka. Dokta wa meno ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, ana kioo kidogo chenye mpini mrefu. Akagonga gego kwa kachuma, nikamwita marehemu mama. Akanieleza: vijidudu vya mdomoni vinakula sukari, vinatoa tindikali, tindikali inalila ganda la jino polepole, na ganda likishatoboka halioti tena. Ganda lenyewe halina fahamu, ndiyo sababu huko nje tundu linajichimbia kimya kimya. Ukisikia maumivu, limeshabisha hodi kwenye mshipa.

"Papa, ungekuwa unapita kila miezi sita, ningeliona likiwa dogo, naliziba, unaenda kazini. Sasa tunang'oa."

Watu wazima wana meno 32. Mimi, mtu wa hesabu, nimetoka na 31, na hakuna kambisti wa kunirudishia hilo moja. Tena akachungulia juu: "Huku kuna kitundu kingine kinaanza." Nirudi wiki ijayo.

Nikaenda kulipa, pamba tele mdomoni. Nikatoa dola 20, bila shaka ya ile Jumamosi ya machozi. Mama wa kwenye kasa, mpokea pesa, akaivuta masikio. Akaipapasa. Akainyanyua kwenye taa.

"Papa, hii iko na tundu."

Nikajaribu kumwambia ni kadogo tu, hakana shida. Pamba ikakataa.