Nyumba za mawe za Lamu: mgeni alale wapi?

Kila nyumba ya mfanyabiashara wa zamani inapouzwa katika Mji wa Kale wa Lamu na kugeuzwa gesti, mabishano huwa yale yale. Hawa wanasema mji unauzwa. Wale wanauliza: mwenyewe angeitunza kwa pesa gani?

Swali hilo si la kubezwa. Kuta za matumbawe hudai chokaa mpya kila mara, na boriti za mikoko zikishaingia maji, dari iko njiani kuanguka. Nyumba yenye warithi wengi, huyu Mombasa, yule Ghuba, aghalabu huishia gofu. Walionunua, Wazungu wakiwemo, wameinua nyingi zilizokuwa zimelala, na mafundi wa chokaa na wachonga milango wakapata kazi.

Ila nyumba hizi, nyingi za karne ya 18, zina mpango wake. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, mita 3 hivi au pungufu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Kutoka daka, kibaraza cha mlangoni, unapita kiwanda, yaani ua, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi za chini na juu, hadi ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba, penye zidaka, vishubaka vya plasta ukutani vilivyopangwa vyombo vya China. Mtu baki hakufika huko. Mfanyabiashara aliyeletwa na upepo wa kaskazi, akingoja ule wa kusi umrudishe, alilazwa sabule, chumba cha wageni, asichanganyike na wa nyumbani.

Kwa hiyo anayedai Lamu imezoea wageni tangu zamani amesema kweli nusu. Ilimzoea mgeni wa sabule. Wa leo analipia kulala ndani kwenyewe, na aliyezaliwa humo amehamia pembezoni mwa mji.

Hilo la heshima kila mtu ana lake. La maji halina ubishi. Zamani choo kilikuwa na birika, yaani tangi la maji, na humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalichotwa kwa kata. Gesti hutaka bafu kwa kila chumba, na bomba likivuja juu ya boriti, ukarabati wote ni bure. Saruji nayo huziba unyevu ambao chokaa ingeutoa.

Mimi gesti siipingi. Ninachopinga ni kuuza moja kwa moja. Bora kukodisha kwa miaka mingi, mpangaji akarabati kwa chokaa na bafu zikae mbali na boriti, kisha nyumba irudi kwa warithi.